Nyasi zikizidi kwa matope, ni watu walikata msitu ama ni ukame tu?

Mwalimu mmoja wa jiografia kutoka Kikuyu ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Daktari, nilipeleka watoto kwa kinamasi cha Ondiri tukasimama pale ukingoni, nikawaambia kile nilisikia kwa redio, kwamba wataalamu wakichimba matope ya mahali kama hapa wanahesabu chavua ya nyasi, ule unga wa maua, na wanajua msitu wa Nairobi ulikatwa lini na watu walianza kulima lini. Kijana mmoja akaniuliza, mwalimu, kwani nyasi si ziko kila mahali, hata pale Nairobi National Park hakuna mtu analima na ni nyasi tupu. Nikakosa jibu. Sasa hiyo maneno ni ya ukweli ama ni stori? Wanaweza kujua hii ni mahindi na hii ni nyasi ya ng'ombe? Na kuna kitu naweza kufanya na watoto shuleni?"

Mwalimu, huyo kijana mpe heko, juu ameuliza kitu ambacho hata sisi tunabishania mpaka leo. Ulichosikia kwa redio ni nusu ya ukweli. Chavua ya nyasi tunaitumia, tena sana, na kwa matope mengi ya huku kwetu ndiyo unaikuta kwa wingi kuliko zote, lakini nyasi peke yake haiwezi kukwambia ati mtu alilima ama msitu ulikatwa. Ukiona mtaalamu ameshika laini moja ya grafu, ile ya nyasi, imepanda, na anakwambia "hapa ndo watu waliingia", muulize ana nini kingine mkononi.

Wacha nieleze kazi yenyewe kwanza ndo tuelewane. Tope la ziwa ama kinamasi linajipanga lenyewe, la chini la kitambo, la juu la juzi. Tunasukuma bomba chini tunatoa nguzo ndefu ya tope, tunakata vipande vidogo kila baada ya sentimita kadhaa, alafu kila kipande kinaenda labu. Huko kinapitishwa kwa dawa kali: potasiamu haidroksaidi ya kuondoa ule weusi wa majani yaliyooza, asidi ya haidrofloriki ya kuyeyusha mchanga (hii ndo ile inakula hata glasi, na ikikugusa ngozi inashuka mpaka kwa mfupa, kwa hivyo hakuna mchezo), kisha mchanganyiko wa anhidridi ya asetiki na asidi ya salfuriki wa kumaliza mabaki ya mimea. Karibu kila kitu kinaisha isipokuwa ukuta wa nje wa chavua, juu umejengwa na sporopolenini, na hiyo ikikaa mahali hakuna hewa, kama ndani ya tope lililolowa, inaweza kumaliza mamilioni ya miaka na haijaoza. Unabaki na tone dogo la kitu cha kahawia. Unaweka kwa slaidi, unakaa kwa maikroskopu, unaanza kuhesabu punje moja moja, mia tatu, mia tano, kila sampuli, na shingo inakuuma.

Sasa punje ya nyasi ikitokea unaijua saa hiyo hiyo. Ni duara, ukuta wake ni laini, na ina tundu moja tu, na hilo tundu limezungushiwa pete iliyovimba, ni kama mpira uliotobolewa mara moja na msumari. Mara nyingi imejikunja ama imebonyea upande mmoja. Hakuna mtu anaichanganya na podo yenye mifuko miwili ya hewa, wala na migunga ambayo chavua yake inakuja imeshikana vipande vingi pamoja. Shida ni kwamba hiyo sura ya duara na tundu moja ndiyo sura ya karibu familia yote, na familia ya nyasi ina zaidi ya spishi elfu kumi na moja. Nyasi ya Kikuyu hapo kwa lawn, nepia ya ng'ombe, ile nyasi nyekundu ya mbugani, mtama, wimbi, matete ya ukingo wa ziwa, hata mianzi ya Aberdare, juu mianzi pia ni nyasi, zote chini ya maikroskopu ya kawaida ni duara na tundu. Kwa hivyo kwa grafu zetu tunaandika tu "nyasi", jina moja, na hapo ndani kumejaa mimea inayokaa mahali tofauti kabisa.

Na kuna zile zenye zinakudanganya kwa kunyamaza. Mianzi inakaa miaka mingi sana bila kutoa maua, kwa hivyo unaweza kuwa na mlima wenye mshipi mzima wa mianzi na tope lisiseme kitu. Matete nayo ni kinyume, yanamea pale pale kwa maji na yanamwaga chavua yake moja kwa moja ndani ya ziwa, basi ziwa likipungua, matete yakisogea karibu na mahali umechimba, asilimia ya nyasi inapanda na huko milimani hakuna mti hata mmoja umeguswa.

Uliuliza kuhusu mahindi. Hapo tuna bahati. Punje ya mahindi ni jitu, mara nyingi maikroni 80 hadi 100 upana, wakati nyasi nyingi za porini ziko chini ya 40. Ikitokea kwa slaidi huhitaji kubishana na mtu. Alafu mahindi yalitoka Marekani ya kati na kusini, hayakuwa huku kabla ya Wazungu kuvuka Atlantiki mwaka wa 1492, kwa hivyo punje moja tu ya mahindi tayari inakupa tarehe ambayo tope hilo haliwezi kuwa la kitambo kuliko. Na juu ni nzito haiendi mbali, nyingi inaanguka shambani kwenyewe ama mita chache kutoka hapo, ukiipata kwa kinamasi jua shamba lilikuwa karibu. Lakini usigeuze hiyo hoja: ukikosa mahindi haimaanishi hakukuwa na mahindi, pengine shamba lilikuwa tu ng'ambo ya kilima.

Wimbi na mtama ndo zinatutoa jasho. Ulaya wana sheria yao, punje ya nyasi ikizidi maikroni 40 hivi na pete ya tundu ikiwa kubwa, hiyo ni nafaka, ngano ama shayiri. Watu wakaibeba hiyo sheria wakaileta huku na haifanyi kazi vizuri. Nyasi za porini za Afrika kuna zenye punje kubwa, na wimbi kwa upande wake ina punje ndogo ambayo huwezi kuitenga na ndugu zake wa porini, na hao ndugu wanamea kwa kila ukingo wa barabara hapa Nairobi, ukienda stage yoyote utawakanyaga. Isitoshe hata ukubwa wenyewe unabadilika kulingana na vile uliandaa sampuli, ukitumia glisarini punje zinavimba, ukitumia mafuta ya silikoni hazivimbi, kwa hivyo mtu akikutupia kipimo bila kusema alikitoa kwa nini, kiache hapo. Na wimbi ndo zao la hapa kwetu, lilifugwa nyanda za juu za mashariki ya Afrika, lililimwa karne nyingi kabla ya mahindi kuja. Yaani zao lenye historia ndefu zaidi ndo haliachi alama tunayoweza kuisoma kwa chavua, na lile la juzi ndo linapiga kelele. Hiyo inauma, lakini ndo hali.

Kuna njia za kupenya hapo ndani, na baadhi zilizaliwa kwa matope ya huku. Patricia Palmer alionyesha mwaka wa 1976 kwamba vipande vya ngozi ya majani ya nyasi, vile vinavyobaki kwa tope baada ya moto ama kuoza, vinaweza kutambua kundi la nyasi kuliko chavua yake. Kuna faitolithi, yaani vijiwe vidogo vya silika ambavyo nyasi hujenga ndani ya majani yake, vina maumbo tofauti, vingine kama tandiko, vingine vimebanwa katikati, na hivyo vinatenga makundi ya nyasi vizuri zaidi. Kuna watu wanapiga picha ya uso wa punje kwa maikroskopu ya elektroni alafu kompyuta inasoma ule mchoro wa juu. Na kuna kupima isotopu za kaboni, yaani kaboni ile ile lakini ya uzito tofauti, ndani ya punje moja moja ya chavua, kazi iliyosukumwa na kina David Nelson na Feng Sheng Hu wa Marekani.

Hii ya isotopu nataka niiseme vizuri juu watu wanaipenda na wanaitegemea kwa kitu haiwezi. Mimea inashika kaboni kwa njia mbili kuu, tunaziita C3 na C4, na kila njia inaacha uwiano wake wa kaboni 13, ile nzito kidogo, ukipimwa kwa sehemu za elfu dhidi ya kipimo cha kawaida: ya kwanza karibu hasi 27, ya pili karibu hasi 13. Hapa Kenya nyasi za chini ya mita 2,000 karibu zote ni C4, ukipita mita 3,000 karibu zote ni C3, katikati ni mchanganyiko. Kwa hivyo isotopu zinakueleza vizuri mambo ya baridi, mwinuko na hewa ya kaboni dioksaidi ya zamani. Lakini shamba? Mahindi ni C4. Mtama C4, wimbi C4, mawele C4, na nyasi za mbuga nazo C4. Hapo umepima kwa mashine ya pesa nyingi na bado hujui kama ni shamba la wimbi ama ni mbuga ya pundamilia. Ingekuwa tunalima ngano na shayiri peke yake tungekuwa na bahati, hizo ni C3.

Sasa turudi kwa ile "nyasi zimepanda". Kabla hata ya kufikiria watu, kuna mtego wa hesabu na nakuomba uwaonyeshe watoto kwa ubao. Tuseme kwa sampuli ya chini nimehesabu punje 100 za nyasi na 300 za miti. Nyasi ni asilimia 25. Sampuli ya juu yake, nyasi ni 100 vile vile na miti imeshuka hadi 100. Nyasi sasa ni asilimia 50. Imeongezeka mara mbili kwa grafu na hakuna hata unyasi mmoja umeongezeka shambani. Ndo maana kabla ya kuanza kupika sampuli tunatupa ndani tembe zenye idadi inayojulikana ya spora, yaani punje za uzazi, za mmea wa kigeni, Lycopodium, alafu tunahesabu nazo, na kwa kulinganisha tunajua chavua ya nyasi ilikuwa ngapi kwa kila sentimita ya ujazo, si asilimia tu. Ripoti ya utafiti ya zamani ambayo haina hiyo hesabu mimi huisoma nikiwa nimekunja uso.

Alafu kuna shida kubwa zaidi ya hesabu. Hii njia ilizaliwa Ulaya ya kaskazini, Lennart von Post wa Uswidi ndiye aliisimamisha mbele ya wenzake mwaka wa 1916. Huko baada ya barafu kuyeyuka nchi ilijifunika msitu, kwa hivyo nyasi zikiongezeka miaka elfu kadhaa iliyopita, pamoja na ngano, swali la kwanza ni "nani amekata miti" na ni swali la haki. Lakini huku nyika zetu ni za mamilioni ya miaka. Kabla mtu yeyote hajashika jembe duniani nyasi zilikuwa hapa zinaliwa na zinachomeka. Ukienda na swali la Uswidi Athi River utapata jibu la Uswidi.

Mifano ninayo. Joey Coetzee alisoma tope la Sacred Lake, kwenye mteremko wa Mlima Kenya, kazi yake kubwa ikatoka 1967. Ukishuka hadi enzi ya barafu, miaka elfu ishirini hivi nyuma, nyasi ziko juu na msitu umerudi nyuma. Hakuna mkulima hapo. Kulikuwa na baridi, kulikuwa na ukavu, na hewa ya kaboni dioksaidi ilikuwa chini sana, karibu sehemu 190 kwa milioni wakati leo tumepita 420, na hewa ikipungua hivyo nyasi za C4 zinapata nafasi hata mahali pa juu ambapo leo huzikuti. Kendall naye, kwa tope la Ziwa Viktoria upande wa Uganda, 1969, akakuta hadithi ya aina hiyo, chini nyasi, juu yake msitu unaingia mvua iliporudi. Kwa hivyo nyasi kupanda na kushuka ni mchezo wa hali ya hewa kwanza, na mtu ukitaka kumuweka hapo ndani lazima umtafutie alama zake mwenyewe.

Alama gani? Mimi huangalia kwanza miti, si nyasi. Mvua ikipungua miti haiondoki yote pamoja. Ile ya msitu wenye unyevu inapungua, na ile inayovumilia ukavu, mutarakwa (mwerezi) na mutamaiyu (mzeituni wa porini), inashika nafasi ama hata inaongezeka. Lakini panga haliulizi mti unapenda mvua ama haupendi. Ukiona mutarakwa, mutamaiyu, podo na ile ya unyevu zote zinaanguka karibu pamoja, na makaa madogo madogo yanajaa kwa tope, na udongo mwekundu wa mmomonyoko unashuka ziwani, hapo naanza kusadiki. Alafu naangalia magugu na mimea ya kufuata watu, jamii ya mchicha, rumeksi, mbarika, mimea inayopenda ardhi iliyovurugwa. Mbarika naipenda juu chavua yake inatambulika, na watu walikuwa nayo kwa mafuta. Hakuna hata moja kati ya hizi inatosha peke yake, makaa yanaweza kuwa moto wa radi, mbarika inamea pia yenyewe kando ya mto, lakini zikikusanyika kwa sentimita zile zile za tope, basi.

Halafu kuna jambo moja zuri sana, mtu anaweza kuongeza nyasi na hajakata mti hata mmoja. Wafugaji walikuwa Bonde la Ufa miaka zaidi ya 3,000 iliyopita. Boma la ng'ombe likikaa mahali, samadi inajilundika, watu wanahama, na ule udongo unabaki na rutuba. Mwaka wa 2018 kina Fiona Marshall walichapisha uchunguzi wa maboma ya kale huko Narok, ya kati ya miaka 1,550 na 3,700 hivi iliyopita, na ile mbolea bado iko kwa udongo mpaka leo, fosforasi, kalisi, na juu yake kuna viwanja vya nyasi nzuri ambavyo wanyama wa porini wanavipenda. Sasa kijana wako anaposema "mbugani hakuna mtu na kuna nyasi", mwambie baadhi ya hizo nyasi za mbugani huko Narok zimekaa juu ya boma la mtu. Kwa ufugaji wa aina hii chavua haitoshi, tunatafuta pia spora za kuvu wa samadi, Sporormiella, wale wanaomea kwa kinyesi cha wala nyasi. Wanaongezeka wanyama wakiwa wengi. Hawakwambii kama ni ng'ombe ama ni nyumbu, hiyo ujue.

Naivasha ndo mfano ninaoufundisha zaidi, juu hapo walitenganisha mashahidi. Verschuren na wenzake mwaka wa 2000 walitoa historia ya mvua na ukame ya miaka 1,100 kutoka ile kreta ya Crescent Island, na hawakutumia chavua, walitumia tope lenyewe pamoja na viumbe vidogo vya majini. Wakaona ukavu mkali kati ya mwaka 1000 na 1270 hivi, baadaye karne nyingi za unyevu zikikatwa na vipindi vitatu vya ukame, 1390 hadi 1420, 1560 hadi 1625, na 1760 hadi 1840. Chavua ya hapo hapo ikachapishwa 2003. Unaona faida yake: hali ya hewa umeipata kwa shahidi ambaye si mmea, kwa hivyo mimea ikibadilika na mvua haijabadilika, unaweza kuanza kumtafuta mtu. Ukitumia chavua kujua mvua alafu utumie chavua hiyo hiyo kusema si mvua ni watu, hapo unazunguka mti tu.

Sasa Nairobi yenyewe. Mji huu uko kwenye mpaka, na si mpaka wa binadamu. Upande wa magharibi, Kikuyu, Limuru, Karura, udongo ni mwekundu, unapitisha maji, mvua ni nyingi, na hapo msitu ndo wenyeji. Ukishuka mashariki na kusini, Embakasi, Athi River, Kitengela, unaingia black cotton, ile ambayo mvua ikinyesha gari inazama na ukame ukija inapasuka nyufa unaweza kuingiza mkono. Miti mingi haipendi huo udongo, mizizi inakatika na maji yanatuama. Kwa hivyo nyasi za National Park, mbuga iliyotengwa 1946, hazihitaji mtu aliyekata msitu ili ziwepo. Moto na ng'ombe wa Wamaasai vilisaidia kuweka vichaka chini, hiyo kweli, lakini udongo ulikuwa umeshaamua mengi. Na kumbuka chavua ya nyasi inabebwa na upepo, kinamasi cha upande wa msitu kinapokea nyasi za Athi pia. Ukichimba mahali kama Ondiri hutakuta sifuri ya nyasi hata kwa tope la wakati hakukuwa na shamba. Swali la pale si "nyasi zilianza lini", ni "miti ya hapo karibu ilianguka lini na kwa mpangilio gani". Kinamasi kidogo kinasikiliza zaidi jirani zake, ziwa kubwa linasikiliza mkoa mzima, kwa hivyo kwa swali la kukata msitu mimi ningechagua kinamasi.

Kipindi kimoja cha hapa kwetu kinanivutia, miaka ya 1890. Sotoka ilimaliza ng'ombe, kisha ukame na ile njaa kubwa ya 1898 na 1899 ambayo Wakikuyu wanaiita Ng'aragu ya Ruraya, na ndui juu yake. Watu walikufa, wengine wakahama, mashamba ya Kiambu ya kusini yakarudi vichaka, reli ikafika Nairobi 1899, na walowezi waliofuata wakasema wamekuta ardhi tupu. Ng'ombe wakiisha na moto wa wafugaji ukiisha vichaka vinapanda, kwa hivyo kwa tope zuri la wakati huo ungetarajia nyasi zishuke kidogo, kinyume na vile watu wanafikiria, ati watu wakipungua nyasi zinaongezeka. Lakini kuipata inataka tarehe za karibu sana, na kaboni 14, ile tunayopimia umri, kwa hizi karne tatu nne za mwisho inayumba, inakupa majibu mawili matatu kwa sampuli moja. Hapo tunatumia risasi 210, aina ya madini ya risasi yenye mionzi, ambayo nusu yake inaisha kila miaka 22 hivi, nzuri kwa miaka 100 na kitu ya mwisho. Na tunapata msaada wa miti ya kigeni: mkaratusi, msindano na mkima (grevillea) ziliingia na ukoloni, hakuna msindano wa asili Kenya, kwa hivyo chavua yake ikianza kutokea umejua uko karne ya ishirini ama karibu. Angalia tu usiichanganye na podo, zote mbili zina mifuko ya hewa, na mwanafunzi mgeni anaweza kukupandia msitu wa misindano wakati wa Wagumba, wale watu wa kitambo wanaosimuliwa kuwa walikuwa hapa kabla ya Wakikuyu.

Kuhusu watoto, mwalimu, ndiyo, kuna kitu, na hakitaki asidi. Tope usiwape, bila zile dawa hawataona kitu na dawa zenyewe hazifai kuingia shule. Chukua maua. Nyasi ya Kikuyu kwa uwanja ikikatwa fupi, utaona asubuhi imetoa nyuzi nyeupe nyembamba, kama kuna mtu amemwaga pamba. Hizo ndo stameni. Gongagonga juu ya slaidi, tone la glisarini kutoka chemist, kifuniko, maikroskopu ya kukuza mara 400. Fanya hivyo pia na mbelewele ya mahindi, weka slaidi mbili kando kando, na watoto wataona wenyewe nilichosema kuhusu jitu. Wachore lile tundu na pete.

Ya pili ni nzuri zaidi. Paka slaidi mafuta ya kujipaka, safu nyembamba, weka moja katikati ya uwanja, nyingine chini ya mikima ama mikaratusi, ziache siku nzima bila mvua, alafu wahesabu punje mia moja kwa kila slaidi, nyasi ni ngapi na zisizo nyasi ni ngapi. Fanya wakati nyasi zimetoa maua, mvua zikipungua, mwezi wa sita hivi ni sawa. Kabla ya kuhesabu waambie waandike kwa macho yao miti inafunika sehemu gani ya kiwanja na nyasi sehemu gani. Hesabu haitalingana na macho, mara nyingi nyasi zitazidi hata chini ya miti, juu mikima inategemea ndege na wadudu na nyasi zinategemea upepo. Huyo kijana aliyekuuliza mpe yeye ndo aeleze kwa nini.

Na mkirudi Ondiri, msiwaache waingie katikati hata kidogo. Ile mimea imeelea juu ya maji, ukikanyaga inatikisika chini yako, na mahali pengine haishiki mtu. Kama mnataka kuona nguzo ya tope na slaidi zilizoandaliwa, andikieni barua Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill, kuna idara ya palinolojia, yaani ya kusoma chavua, mwaombe tarehe ya darasa lenu mapema juu hapo shule ni nyingi.